Kifua cha Mpira

Nawategea, na msikimbilie kunipa mji: ngoma yangu hailali hata nikilala, na siku ikinyamaza majirani wote wanakuja mbio. Ni nini?

Ni moyo. Wa mke wa mwanangu, fundi cherehani, ulinyamaza kiwandani mchana kweupe, sindano ikiwa bado imeshika kitambaa.

Mlinzi alikuwa hatua tatu tu. Ndiye aliyeongoza katika mafunzo ya kuokoa mtu aliyesimama moyo, na cheti chake kimetundikwa pale getini. Alisimama kando yake akiita, "Akina mama, njooni!" Akina mama walikuwa kwenye chakula. Walipofika, alishapoa.

Leo wakufunzi wamerudi na mwanasesere wao wa mpira, wakamwita mlinzi atuonyeshe. Akapiga magoti, akakaza viwiko, akakandamiza kifua kwa nguvu na haraka mpaka jasho likamdondoka. Watu wakapiga makofi.

Nikainuka na mkongojo wangu. "Kumbe unajua! Mpira unaupigania, mtu unamwachia Mungu? Mbona mke wa mwanangu hukumgusa?"



Mkufunzi akanishika bega. "Bibi, hayo tutayaongea pembeni."

"Pembeni kaongee na mkeo. Mimi nimemuuliza huyu."

Mlinzi hakuinua macho. Viganja vyake vilikuwa bado vimelala juu ya kile kifua cha mpira, bapa kama meza.

"Bibi," akasema, "huyu hana matiti."