Koti la Bomba

Baridi ilipoingia, majirani waliondoka na magari yao ya kulala, zile nyumba za magurudumu, uwanja wa kukodi walikoegesha ukabaki na gari moja, la Tunu na mumewe Shamte. Mwenye uwanja alishawaambia, maji ya bomba lao yakiganda tena, wahame. Tunu akaapa hahami. Jioni akachukua koti la sufu la mumewe, akalivisha bomba, akafunga vifungo vyote hadi shingoni.

"Na mimi nivae nini?" Shamte akauliza.

"Wewe una mke. Bomba lina nani?"

Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu. Mwenye uwanja alisimama kando, mikono mfukoni. Tunu akakinga birika, akafungua koki. Bomba likakohoa ndani ya koti, likanyamaza, likakohoa tena. Tunu hakuondoa birika.