Jicho la Kulia

Mgeni wa tatu hakutaka kiti cha wageni. Alipita moja kwa moja akaketi kwenye kiti cha mgonjwa, akaegemeza kidevu kwenye mashine ya kupimia macho, akamwambia daktari asijali, yeye hufanya kazi hivyo.

Daktari wa macho alishusha pumzi. Asubuhi ile alikwishawasikiliza wageni wawili, kila mmoja akitaka apewe yeye kazi ya kumwandalia madai ya bima. Wa kwanza, kijana wa tai, kampuni yake ilihudumia kila mtu, kuanzia hospitali hadi maduka ya dawa, na maneno yake yalikuwa matamu kupita kiasi. Wa pili alikuwa na bei ya kutupa, ila alitazama saa mara nne. Huyu wa tatu alikuwa mama mmoja mkavu, asiyeshughulika na chochote isipokuwa zahanati za macho. Wenzake walimwita Mama Mboni.

Ilibidi achague leo. Kwa wiki tisa bima haikulipa hata fomu moja. Kila dai lilirudi na jibu lile lile: maelezo hayalingani na kumbukumbu zetu. Mwenye nyumba alikwishampa hadi mwisho wa mwezi, na mwenye nyumba yule si mtu wa kubembelezeka. Miaka ishirini na miwili ya kazi ilikuwa inakwenda na maji.

Na leo hii hakutaka kabisa kuwa hapa. Mama yake alikuwa hospitali kuu, anasubiri kupasuliwa; mkewe ndiye aliyekwenda naye. Daktari mwenyewe ndiye aliyeugundua uvimbe ndani ya jicho la kushoto la mama, mdogo, hauumi, kwa nje hauonekani, lakini ni wa kuua. Jicho lilipaswa kutolewa. Kazi yake yeye ni kupima na kutoa miwani, kisu si chake, kwa hiyo alimwandikia rufaa kwa daktari bingwa ambaye huja mara moja kwa mwezi na kupasua watu kumi na wanne kwa siku.

Mama alilipokea jambo hilo kwa mzaha, kama anavyopokea kila kitu.

"Bora hilo la kushoto," alisema. "Siku nikifiwa, nitakuwa nalo la kulia."

Daktari alicheka naye, kisha akaenda stoo akalia peke yake. Alipojaribu kumfundisha mambo ya kuwaambia wauguzi, mama alikataa katakata. Yeye na udaktari wapi na wapi? Wakimuuliza lolote atawaambia wasome barua ya mwanawe.

Na barua ilisomeka vizuri. Aliipiga chapa shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyeshika meza ya mapokezi tangu karani wa zamani astaafu. Msichana ana bidii, hakosi hata nukta. Aliichukua kadi ya mama, akaketi, baada ya dakika tano barua ikawa tayari. Daktari aliitia sahihi akiwa amesimama, wagonjwa sita wakimngoja. Leo alimwachia shemeji huyo hata simu yake, maana kila ilipolia moyo ulimruka.

Wale wageni wawili walikuwa wameomba vitabu vya hesabu. Mama Mboni aliomba fomu zilizorudishwa, pamoja na kadi za wagonjwa ambazo daktari huziandika kwa mkono. Kwenye kila kadi huchora miduara miwili, macho mawili ya mgonjwa, akatia alama penye ubovu. Yule mama alizipanga mapajani, kadi na fomu yake, kadi na fomu yake, midomo ikimchezacheza. Daktari alianza kumchoka.

"Nionyeshe jicho langu la kulia," Mama Mboni alisema ghafla.

Daktari alimnyooshea kidole, kwa mkono wake wa kushoto.

"Kwenye kadi unalichora upande gani?"

"Upande huo huo, wa kushoto. Nachora ninavyomwona mtu akiwa mbele yangu."

"Karani wako wa zamani alilijua hilo?"

"Miaka yote."

"Na huyu wa sasa, nani alimwambia?"

Daktari aligeuka akautazama mlango wa mapokezi. Mama Mboni akamwekea kadi ya kwanza na fomu yake mbele ya macho. Mduara wenye alama ulikuwa kushoto mwa kadi, na fomu ilisema jicho la kushoto. Ya pili vivyo hivyo. Ya kumi vivyo hivyo. Mzee huyu, alieleza, bima wanamjua tangu mwaka juzi kuwa jicho lake bovu ni la kulia, sasa zahanati inadai la kushoto. Wasilirudishe dai kwa nini? Msichana alikuwa akigeuza macho ya watu wote, kwa uaminifu mkubwa, wiki tisa mfululizo.

Daktari alicheka mpaka akashika meza. Mwenye nyumba, kijana wa tai, usiku wa kukosa usingizi, kumbe yote hayo ni mduara tu. Alimpa Mama Mboni mkono na kumwambia kazi ni yake, aanze hata kesho.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema.

Mama Mboni alijibu kwamba hakuna kilichoharibika, karatasi hurekebishwa, na akaanza kuzirudisha kadi kwenye jalada.

Mlango ulifunguliwa. Shemeji aliingia ameshika simu, uso umemnawiri kwa furaha.

"Dada amepiga kutoka hospitali. Mama ametoka salama," alisema. "La kulia wameshalitoa, kama barua yetu ilivyosema."