Hina ya Mkono Mmoja

Mwanaheri aliwachora maharusi hina, na siku hizi maharusi walimpata kwa simu. Usipowawekea picha mpya wanakusahau, wachoraji wako tele. Basi alipokosa bi harusi alijichora mwenyewe mkono wa kushoto, maua mpaka kiwikoni, akaupiga picha juu ya kitambaa cheupe na kuwarushia wafuasi wake. Mioyo myekundu ikamiminika.

Asubuhi hiyo alitoka kununua ndimu za kukandia hina kwa Bi Tima, jirani aliyeuza mboga kibarazani. Aliponyoosha mkono kuzipokea, Bi Tima akaudaka.

"Makubwa! Mwanangu unaolewa, na mimi sijaambiwa?"

Hakungoja jibu. Alipiga kigelegele mpaka madirisha ya mtaa yakafunguka.

"Ni kazi tu, Bi Tima." Maneno hayo yalikuwa ulimini kabisa, yanataka kutoka. Lakini kiganja cha yule mama kilikuwa na joto, na Mwanaheri hakukumbuka mara ya mwisho mtu kumshika mkono. Akainamisha uso, akatabasamu kama mwari.

"Haya, nipe na wa kulia niutazame."

Wa kulia alikuwa ameuficha ndani ya kanga. Huo ndio uliowachora wengine siku zote, na hapakuwa na wa kuuchora.

Kigelegele kingine kikaitikia kutoka ghorofani. Bi Tima bado alikuwa amekinga kiganja, anangoja, macho yanamng'aa.

Mwanaheri akautoa taratibu, mtupu.