Chungu cha Mama Mkwe

Chungu kilikuwa ndani ya kikapu, na kila pikipiki ilipoingia shimoni Anande alikikumbatia kwa mikono miwili. Mbele yake mwanawe Elihuruma aliendesha polepole, vidole sita vya mkono wake wa kushoto vimekaza usukani, akiomba moyoni wasifike.

"Mama, chungu cha laana kikishavunjwa hakiungiki. Turudi, tumwite mchungaji."

"Mchungaji ameshasema nao. Walimsikiliza?"

Hawakumsikiliza. Keshokutwa watu wa tamasha la mitumbwi wangekuja na msumeno wa injini kuuangusha mti wa mringaringa ulio nyuma ya nyumba ya Anande. Alama ya X nyekundu walishaupiga, karibu na lile gogo kuukuu lililochimbwa ndani, la kuchachushia mbege, pombe ya ndizi, lenye ufa ulioshonwa kwa waya, ambalo siku hizi ng'ombe hunywea maji. Walitaka kuuchonga mitumbwi mirefu ya mashindano ya mwakani, na serikali ya kijiji ilikubali, eti huo ni mti wa mila. Chini ya mti huo amelala mume wa Anande pamoja na watoto wao wanne. Kati ya watano, Mungu alimbakizia Elihuruma peke yake.

Ukingo wa ziwa Duluti ulifurika watu. Anande alitazama, kinyaa kikampanda mpaka kooni. Vijana wa Tengeru, aliowajua tangu wakitambaa, walikuwa wamejipaka chokaa usoni na kujifunga vitambaa vya madoa ya chui kutoka Uchina. Mitumbwi miwili iligongana, mmoja ukabaki kuzunguka palepale, na wageni wakapiga picha. Wameru gani hawa? Babu zake walilima migomba na kufuga. Ziwa hili waliliogopa. Walichota maji wakaondoka zao.

Kwenye kipaza sauti alikuwapo Ephraimu, mwenyekiti wa tamasha, mtu wa mjini, Kimandolu, ngozi ya mbuzi begani juu ya suruali ya jinzi.

"Kila ndizi zilipokomaa, koo zilishindana! Walipiga makasia wakiupa mlima mgongo, ili mlima usiwacheke! Na ukoo ulioshindwa," akainua kidole, "ulimtosa ziwani mama mkwe mmoja, yule mwenye maneno mengi kuliko wote!"

Watu wakaangua kicheko. Hata Elihuruma midomo ilimcheza. Anande hakucheka. Maneno yale alikuwa ameyasikia mahali, lakini hasira haikumpa nafasi ya kukumbuka ni wapi. Zamani yeye mwenyewe alikuwa bingwa wa utani katika kijiji kizima cha Akheri, mpaka misiba ilipomfunga mdomo. Lakini utani ni utani. Kusimama mchana kweupe ukawazulia marehemu mambo wasiyoyafanya ni uchafu, na Anande alitema mate chini kuutoa mdomoni.

Walioona kikapu walimpisha. Wazee walivua kofia.

"Shikamoo, bibi," Ephraimu alisema, akishusha kipaza sauti.

"Siitikii. Nani ametunga uchafu huu?"

"Si sisi, bibi. Kuna msomi mmoja aliandika kitabu miaka mingi iliyopita. Mashindano, mitumbwi ya mringaringa, vyote vimo. Alisimuliwa na mwenyeji wa huku huku. Kitabu kiko garini, ngoja nikuletee uone."

"Mwenyeji gani wa kusema hayo? Huyo ni mwongo, tena hana haya wala hajui vibaya!"

Ephraimu alikimbilia garini. Anande akakitoa chungu, cheusi kwa moshi, alichorithi kwa mama mkwe wake. Ngoma zilinyamaza. Mara ya mwisho chungu kuvunjwa Akheri ilikuwa kwa ajili ya ng'ombe aliyeibwa, na nyumbani mwa yule mwizi leo wanalala popo.

Elihuruma alimshika mkono. "Mama, ngoja basi alete hicho kitabu."

"Nimengoja vya kutosha."

Akakiinua juu ya kichwa, sauti yake ikasikika ng'ambo ya ziwa bila kipaza sauti.

"Aliyewasimulia watu hawa uongo huu, awe hai awe maiti, uzao wake ukatike! Asibakiwe na hata mmoja wa kumzika!"

Chungu kilipasukia jiweni.

Hakuna aliyepiga picha. Vijana walivua madoa yao ya chui mmoja mmoja, wakayaacha majanini. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye asubuhi hakutaka hata kumwona Anande, alikuja ameinamisha kichwa.

"Mama, mti wako hautaguswa. Leo wala kesho."

Anande alivuta pumzi ndefu. Kwa mara ya kwanza wiki nzima kile kinyaa kilimtoka kooni. Mume wake angelala kwa amani, na wanawe pia.

Ephraimu alirudi mbio na kitabu mkononi.

"Mimi simo, bibi! Watu wote ni mashahidi, mimi simo! Jina la msimulizi halikuandikwa, lakini picha yake hii hapa."

Anande alikipokea kama mtu aliyeshinda kesi. Picha ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe. Mwanamke kijana amesimama ndani ya gogo la mbege, gogo lenye ufa ulioshonwa kwa waya, ameshika mwiko mrefu mfano wa kasia, anacheka kwa raha zake zote. Mgongoni amebeba mtoto, na mkono wa kushoto wa mtoto, wenye vidole sita, umeng'ang'ania bega lake.

Elihuruma alichungulia.

"Mama," akauliza, "huyu wa mgongoni si mimi?"