Mteja Asiyekula Nyama

Adija alitoka eda Ijumaa, na posa ikaja Jumatatu. Mzee Abdulazizi, mshenga, alibisha hodi baada ya alasiri, akakaribishwa barazani, akaulizia hali za wote, kisha akataja jina la aliyemtuma. Samia, dada wa marehemu mumewe Adija, alikuwa akimimina kahawa. Mkono wake ukasimama kikombe kikiwa nusu.

"Mwinyimvua yupi?" aliuliza, ingawa Zinga nzima alikuwapo mmoja tu.

"Huyu huyu wa moyo."

Mwinyimvua alihamia Zinga akiwa peke yake, na begi moja la nguo na jingine la dawa. Alikuwa na kovu lililoshuka kifuani kama zipu, na jingine mguuni, mahali madaktari walipochomoa mshipa wakaupachika kwenye moyo. Walimwambia kazi yao ingemfaa miaka kumi hivi. Zaidi ya hapo ni majaaliwa. Miaka kumi ikapita. Kumi ya pili sasa ilikuwa inakaribia kwisha.

Hapakuwa na mtu aliyeishi kwa bidii kama yeye. Chumvi hakuionja. Nazi hakuigusa, jambo ambalo pwani hii ni sawa na kuhama mji. Harusini alikuja na viazi vyake vya kuchemsha ndani ya kibakuli chenye mfuniko. Kila siku baada ya swala ya alfajiri alitembea hadi barabara kuu na kurudi, mvua inyeshe isinyeshe. Watu walisema hawajapata kuona mtu anayeogopa kufa kiasi kile.

"Si woga," alijibu. "Bado nina haja kidogo."

Kilichowashangaza zaidi ni kijiwe chake. Mtu asiyekula nyama, kila siku yuko buchani kwa Hamidu, kaka yake Samia. Aliketi kwenye benchi la nje, akauliza kama watu wa nyumbani hawajambo, akanywa kahawa yake, akaondoka. Nyumba ilikuwa nyuma ya bucha, lakini hakuwahi kuingia hata siku ya Idi. Adija naye, mke wa Hamidu, akisikia tu kikohozi chake, aliacha chochote alichokuwa akifanya uani akaingia ndani. Samia aliamini kwamba wifi yake hawezi kumwona yule mzee.

Mwinyimvua ndiye aliyempima Hamidu presha, kwa mashine yake mwenyewe.

"Hii si nzuri, bwana. Punguza mafuta. Nenda hospitali."

"Mzee wangu, wewe umeacha kila kitamu na bado unafanana na mgonjwa," alijibu Hamidu, huku akitafuna nundu ya kuchoma.

Mzee hakuchoka kumsihi. Na siku Hamidu alipoanguka kati ya mizani na gogo la kukatia nyama, ni yeye aliyesimamisha bajaji, akampakata kichwa njia nzima. Hawakuwahi. Mazikoni alilia mpaka vijana wakamshika huku na huku, wakimkumbusha habari za moyo wake.

Kwa hiyo posa ile ilimwingia Samia kama pilipili machoni. Alivumilia mpaka mshenga alipovaa viatu na kuondoka.

"Kaburi la kaka yangu halijaota hata jani!" alisema. "Kumbe alipokuwa akimpima presha, alikuwa anapima siku zake! Wifi, nipe ruhusa nikamjibu mimi."

"Nimeshamjibu," alisema Adija. "Ulipokwenda kuchukua tende. Nimekubali."

Samia alikaa chini kwenye mkeka.

"Hivi unamjua vizuri, wifi? Mtu kakaa miaka yote hii bila mke. Hujiulizi kwa nini?"

"Hamidu alimjua. Hatukumficha kitu, na yule mzee hakumtakia mabaya hata siku moja." Adija alianza kukusanya vikombe. "Unakumbuka nilikuwa na mume kule Miono, kabla ya kaka yako?"

"Si yule aliyekupa talaka tatu kwa simu, bila kosa? Ambaye mpaka leo hujamtaja jina?"

"Bila kosa lolote," alisema Adija. "Alinipigia kutoka India, asubuhi wanampeleka kupasuliwa moyo. Hakutaka niwe mjane kijana. Alidhani atakufa."