Mtihani wa Maziwa

Chausiku alikuwa na blogu arobaini kwenye ile programu ya simu inayomkusanyia makala mpya mahali pamoja, na makala elfu mbili hajazigusa. Asubuhi hiyo aliapa zibaki blogu tano tu. Akabandika maziwa jikoni. Blogu itakayomsahaulisha maziwa mpaka yamwagike, inabaki. Nyingine, kwaheri.

Kufikia saa saba, maziwa yalikuwa yamemwagika mara nne.

"Mke wangu, tutakunywa chai ya rangi mpaka lini?" mumewe, Shomari, alimtania akiwa mlangoni.

"Mpaka nimalize. Imebaki nafasi moja, na inayofuata ni blogu yako ya njiwa."

Shomari akaacha kucheka. Miaka miwili ameandika kuhusu njiwa wake, na msomaji aliyekuwa na uhakika naye ni mmoja tu, huyu mwenye sufuria.

"Lakini si mimi ni mumeo?"

"Maziwa hayajui ndoa, bwana." Akabandika mengine, akazama kwenye simu.

Shomari akasogea jikoni. Akayatazama maziwa yaliyotulia, akamtazama mkewe, kisha kimya kimya akaongeza moto.

Maziwa yakaanza kupanda. Chausiku hakuinua macho, ila midomo ilikuwa inamcheza kwa kicheko alichokibana.