Chapa ya Chande

Siku kiwanda cha pistoni za magari ya mashindano kilipofungwa, kila fundi aliruhusiwa kuondoka na chapa yake ya chuma, ile aliyogongea kila pistoni aliyoichonga. Ya Chande haikuonekana. Nyange, fundi mwenzake, alikuwa nayo mfukoni, tangu siku ile alipoiiba akaigonga kwenye pistoni yake mwenyewe iliyokuwa na ufa. Ufa ulipogunduliwa, lawama zikamwangukia Chande; akatolewa kwenye mashine, akapewa ufagio.

“Usihangaike kuitafuta, ndugu yangu,” Chande alimwambia Nyange, aliyejifanya kuisaka, huku akifagia kana kwamba kesho kuna kazi. “Macho yangu ndiyo yaliyoniponza. Ufa ule sikuuona kabisa.”

Nyange aliikamata chapa mfukoni, ikiwa na joto la mwili wake. Ufagio ulifika kwenye viatu vyake, ukasimama, ukimngoja ainue mguu.